Daftari la Zamu

Daftari hukaa kwangu, juu ya kabati la unga,
limevikwa ngozi ya kondoo, linanuka moshi na jibini.
Mimi ndiye karani wa mfereji wa Kolpamayo.
Naandika nani kapata maji, siku gani, tangu saa ngapi,
na nani kayaiba.

Jumatano usiku mtu alizibua mlango wa shamba letu,
akalitia bonge la udongo katikati ya mfereji.
Maji yakageuka, matiifu kama kondoo,
yakanywesha maharage yetu.
Kulipokucha, mahindi ya Niseforo yalikuwa yamejikunja
kama mikono ya wazee wenye baridi.
Hakupiga kelele. Alibisha hodi, kofia mkononi:
"Karani, nina la kuandikisha. Saa nane na robo niliona taa."

Nyuma yangu mama alikuwa akimenya viazi.
Kisu kilisimama,
kisha kikaendelea.

Tuna Mtakatifu Isidro, ng'ombe wake wa mbao kavunjika pembe.
Tuna mlima, ambao kabla ya misa humwagiwa pombe ya mahindi,
maana huwezi kujua ni nani hasa anayeyeyusha theluji.
Tuna sheria kutoka mji mkuu, ina mihuri mitatu,
imetundikwa ofisini nyuma ya kioo chenye ufa.
Katika hao watatu, hakuna aliyekuja Jumatano
kusimama mferejini usiku na taa.
Sisemi hawana kazi.
Bila Isidro tungekusanyikia wapi,
na Jumapili ingekuwa siku gani?

Tulikaa kwenye ngazi za kanisa.
Padre alikuwa ameshawasha pikipiki yake, ana vijiji vingine vinne.
Anakleto, hakimu wa maji, alikaa ngazi ya chini kabisa,
fimbo yenye pete za fedha magotini.
"Unaitwa nani?" akamuuliza mama,
yeye aliyenishika nikibatizwa.
"Melitona, binti Sabasto."
"Uliyachukua maji?"

Husemwa damu nzito kuliko maji.
Aliyeyasema hayo hakuwahi kupangiwa zamu
mwaka ambao theluji imebaki kilemba tu.

"Niliyachukua."

Siku nne za kuzoa tope. Gunia la shayiri kwa Niseforo.
"Karani, andika."
Kalamu ikawa nzito kama sururu.
Nikajifanya natafuta ukurasa, nikarudi nyuma, nyuma zaidi,
hadi mwandiko wa babu, mwaka wa ukame mkubwa,
na Anakleto akaona kidole changu kilipotua.
"Soma," akasema. "Kwa sauti."
Nikasoma: *Anakleto Kawana, kijana, aliiba maji usiku wa Pasaka,
kondoo wawili, na aombe radhi mbele za watu.*
Watu wakacheka. Naye akacheka, si sana.
"Kondoo mmoja alikuwa na mimba," akasema. "Sasa andika."

Nikaandika.

Mama hajui kusoma. Alipanda ngazi mbili, akainama:
"Nionyeshe nilipo."
Nikamwonyesha. Akaliwekea jina lake kidole chenye harufu ya kitunguu,
akalishikilia kama anayepima homa ya mtoto.
"Na saa umeandika?"
"Nane na robo, kama alivyosema Niseforo."
"Hiyo ndiyo saa aliyoiona taa," akasema mama.
"Mimi nilianza nane kasoro robo. Andika sawasawa."

Jumatatu alizoa tope bega kwa bega na mke wa Niseforo.
Sijui walizungumza nini. Jioni alirudi
na jibini ambayo si ya kwetu.

Leo zamu ni yetu, saa nane usiku.
Nimekaa mlangoni, daftari mapajani, taa nimeizima.
Juu kule, mashamba manne yako kati yetu na mlima,
na kila shamba lina mlango, na kila mlango una mtu
mwenye maharage yake, mwenye kiu yake.
Nasikiliza.
Yamechelewa kidogo.
Yanakuja.